Pomade ya Bibi Harusi wa Bihambwe

Wenzangu wa farmasi, siku mliponiaga mlinipa saa ya ukutani, zawadi ya ajabu kumpa mtu asiye tena na mahali pa kuwahi. Nawashukuru hata hivyo. Imetundikwa sebuleni na mke wangu ndiye anayeiangalia. Mimi nimekaa kuandika yale mliyokuwa mkiniuliza tukinywa chai, habari za mafuta ya ngozi, pomade kama yanavyoitwa kwetu, kazi iliyonipa jina la Papa Pomade kutoka Sake hadi Masisi. Jina hilo nililichukia kwa miaka mingi, kisha nikalizoea.

Nilianzia Ntoto, upande wa Walikale, nikiwa kijana mwenye diploma mpya na viatu visivyofaa kwa matope. Kituo cha afya kilikuwa nyumba ya mbao, na mkuu wake alikuwa muuguzi mmoja, Mama Furaha, mwanamke mfupi ambaye hakuna aliyewahi kumwona akikimbia wala akichelewa. Nilidhani atanikabidhi kabati la vidonge. Akanikabidhi kipande cha kioo cha dirisha, kisu cha meza kilichokatwa ncha, unga wa salfa na mafuta ya mawese, akaniambia nitengeneze dawa ya upele. Nikachanganya. Akachota kidogo, akajipaka ndani ya mkono wake, akafikiri, akanirudishia kioo. Ilikuwa bado ina mchanga. Nikasaga tena, akarudisha tena, na hivyo ndivyo siku yangu ya kwanza ilivyokwisha, diploma ikiwa mfukoni na salfa ikiwa puani.

Alikuwa na mafundisho machache na aliyarudia bila kuchoka. Kwanza, kila mafuta yapite kwenye mkono wako kabla ya kufika kwa mgonjwa. Pili, ukiongeza kitu kipya, ongeza kimoja, usubiri. Ukiongeza viwili kwa pamoja, ngozi ikiharibika hutajua umkamate nani. La tatu alilisema siku nilipompaka mtoto dawa nyingi kupita kiasi ili apone haraka:

"Ngozi ya muntu haiko ukuta, eti uipige rangi. Iko inasikia."

Nta ya nyuki tuliipata kwa watu wa msituni, imejaa moshi na miguu ya nyuki. Tuliiyeyusha kwenye kikombe kilichowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, tukaichuja kwa kitambaa cha pamba. Wagonjwa wangu wa kwanza walinukia kama jiko la majani mabichi. Hakuna aliyelalamika, kwa sababu mtu anayejikuna usiku kucha haulizi habari za harufu. Kisu kile cha Mama Furaha ninacho hadi leo. Mke wangu anakatia siagi, na sijapata ujasiri wa kumweleza historia yake.

Kutoka Ntoto walinihamishia Mushaki, kwenye farmasi yetu. Mtu anayetoka joto la Walikale akifika Mushaki amevaa shati la mikono mifupi, watu wanamhurumia kabla hawajamsalimu. Kule juu baridi inapasua visigino na jua linachoma mashavu, vyote kwa siku moja. Watu walijipaka siagi ya ng'ombe, wakaenda nayo shambani na kanisani. Stajiaire mmoja, mwanafunzi wa mazoezi, aliwahi kuniuliza kwa nini siwakatazi. Nilimwambia kwamba katika miaka yangu yote, ng'ombe hajawahi kuniletea mgonjwa.

Walioniletea wagonjwa walikuwa watu wa makopo. Wafanyabiashara wa Butembo waliokuwa na maduka kando ya barabara walianza kuleta krimu kutoka mjini, na hawakuwa na ubaya; waliuza kilichoulizwa. Siwaandikii leo habari za krimu za kuchubua ngozi. Hizo ni hasira nyingine, na daktari amenikataza hasira. Nazungumzia zile za kulainisha uso na kufuta makunyanzi, zenye retinoli, ndugu wa vitamini A. Retinoli si sumu. Lakini inataka adabu: ipakwe kidogo, ipakwe jioni, ngozi ikingwe na jua, na mama mjamzito asiiguse kabisa.

Sasa fikirini desturi yetu. Kwetu mafuta ni ya asubuhi. Mtu anaoga, anajipaka hadi anang'aa, ndipo anatoka, maana mtu akitoka amepauka majirani wataulizana kama ni mgonjwa ama amefiwa. Kujipaka jioni ni kupaka shuka. Basi mama zetu walichukua krimu ya jioni, wakajipaka asubuhi, tena kwa kipimo cha siagi, kisha wakapanda kwenye mashamba yaliyo karibu na jua kuliko na barabara. Walirudi kwenye dirisha langu wakiwa wamefunika nyuso kwa kitenge, ngozi inabanduka, na wote walikuwa na swali moja, kama wazidishe.

Ndipo alipokuja Claudine, ambaye ninyi nyote mnamjua, kwa hiyo sitamsifu sana asije akavimba kichwa. Alikuja na digrii yake na mizani ndogo iliyofungwa ndani ya koti la mvua, akaitoa na kuiweka mezani kabla hata hajapewa kiti. Yeye ndiye aliyeniambia kwanza habari za bakuchioli, kitu kinachotolewa kwenye mbegu za mmea mmoja wa India, kinachofanya kazi inayokaribia ya retinoli ila kwa upole. Nilimsikiliza kwa mashaka. Nilikuwa nimeona mengi yakiuzwa kwa sababu tu ni ya mti, kana kwamba miti haina sumu. Claudine hakukasirika. Alinieleza kwamba utafiti wa bakuchioli bado ni mchanga na kwamba haifanyi miujiza. Kisha akanionya kuhusu mafuta ghafi ya mbegu hizohizo, ambayo yana vitu vinavyogombana na jua na kuunguza ngozi. Tunayoitaka sisi ni ile iliyosafishwa. Hapo nikamwamini, kwa sababu mwenye kukuuzia uongo hakuonyeshi mahali unapoweza kuumia.

Tulianza kuipika pale nyuma ya farmasi. Mafuta ya alizeti, nta, na sufuria ileile ya maji ya moto. Ikishayeyuka unaitoa motoni, unasubiri hadi kikombe kiweze kushikika kwa mkono bila kitambaa, ndipo unatia bakuchioli kidogo sana, kwa mizani, si kwa jicho. Unatia ndani ya vikopo vyeusi visivyopitisha mwanga. Kiasi cha kupaka ni punje ya haragwe kwa uso mzima, na unaanza kwa kuruka siku. Akina mama wajawazito tuliwapa ile isiyo na bakuchioli, kwa sababu Claudine alisema hakuna aliyeichunguza vya kutosha kwa mimba. Ubishi wa asubuhi na jioni tuliumaliza kwa kuwaambia waipake baada ya sala ya jioni. Mimi nilikuwa nimehubiri jua na ngozi kwa miaka bila kusikilizwa. Claudine alitaja sala mara moja, wakatii.

Neema alikuja kwetu katika siku hizo. Alitoka Bihambwe, katika familia ya wakulima wa muda mrefu pale milimani. Wazazi wake walifariki akiwa mdogo, akalelewa na Shangazi Sifa, dada wa baba yake, mwanamke asiyezaa, aliyembeba mgongoni hata wakati walipolazimika kukimbia na kuacha nyumba. Neema alikuwa amechumbiwa, na alikuwa ameharibu mashavu kwa krimu ya retinoli, kwa mtindo niliousimulia. Walikuja wote wawili. Shangazi ndiye aliyejibu kila swali nililomuuliza Neema, pamoja na yale ya siku zake za mwezi, na Neema alikuwa akiangalia dari.

Tulimsimamishia kila kitu kwanza. Nta na alizeti peke yake, na kofia pana, hadi ngozi itulie. Ilipotulia tukaanza ile ya bakuchioli, punje kwa punje. Uso ulirudi polepole, ukawa laini. Kila walipokuja Mushaki sokoni walipitia kwetu, na Shangazi Sifa alimgeuza shavu dirishani ili tuone, kama mtu anayeonyesha maharagwe yake mazuri. Nilifurahi, sitaficha. Katika kazi yetu wanaopona hawarudi kusema, hawa walirudi.

Siku za ndoa zilipokaribia, familia ile ilifuata desturi yake. Mashangazi na dada wakubwa wanakusanyika, kunawekwa chungu kidogo cha mafuta ya bibi harusi, na kila mmoja anatia tone lake. Mmoja siagi, mwingine asali, mwingine manukato. Tone ni baraka. Kumkatalia mtu tone lake ni kumkatalia mdomo wake siku ya ndoa. Neema akaomba pomade yetu ndiyo iwe mafuta ya chungu. Shangazi Sifa alitaka tone lake lizidi yote kwa harufu nzuri. Akanunua ndimu kwa wachuuzi waliotoka Walikale, akaikamua ndani. Kisha, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa mahali pa mama, akampaka Neema usoni kwa mkono wake mwenyewe, vidole vikishuka mashavuni pande zote mbili. Ilikuwa asubuhi. Neema akatoka, akakaa uani kuchambua maharagwe na wenzake hadi jua la mchana, wakiimba.

Siku hiyo hapakuwa na kitu. Kesho yake mashavu yalianza kuwaka, na siku iliyofuata ilitokea mistari myeusi na malengelenge madogo, mistari ya vidole, kutoka chini ya jicho hadi kidevuni. Mtu yeyote aliyemtazama aliona mkono wa mtu juu ya uso wa bibi harusi, na kila mtu alijua ni mkono wa nani.

Nilipata habari kwa jirani yao aliyekuja kuchukua dawa ya mtoto. Alizisimulia kwa sauti ya chini, kama watu wanavyosimulia mambo ya uchawi. Mimi na Claudine tulipanda pikipiki siku hiyohiyo.

Mwenye nyumba alikuwa Papa Bahati, kaka mkubwa wa Shangazi Sifa na mkuu wa ukoo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeogopa, na mwoga akiwa na madaraka ni hatari kuliko mbaya. Alikuwa amekwisha kuamua: dada yake ana mkono wa uchawi, aondoke kabla ya ndoa, asirudi. Shangazi Sifa tulimkuta amekaa nje ya jiko, furushi lake limefungwa. Hakulia. Kilichomvunja, alimwambia Claudine baadaye, ni kwamba tangu juzi Neema hakula chakula kilichopita mikononi mwake. Alikuwa akipokea sahani, anashukuru, na sahani inabaki.

Papa Bahati akatuonyesha uso wa mtoto.

"Angalia ile vidole," aliniambia. "Muntu mwenye mapendo anaweza acha vidole yake mu sura ya mutoto? Na yeye, mikono yake haina kitu."

Nilieleza. Nilisema ndimu na jua vikikutana juu ya ngozi vinaunguza, na kwamba kiganja ni kigumu, tena Shangazi aliingia jikoni kupika wakati Neema amekaa juani. Claudine akaeleza vizuri zaidi. Walitusikiliza kwa heshima waliyo nayo watu wa kule, na niliona kwamba hakuna neno letu hata moja lililoingia. Wangeniuliza kwa nini basi wanakunywa chai ya ndimu kila siku. Papa Bahati alisema tunatetea pomade yetu. Hakukosea kabisa, pomade ile ilikuwa yetu.

Kwa hiyo nilivua koti, nikakunja mikono yote miwili ya shati. Claudine alinishika bega, lakini alikwisha kuelewa, na akaacha. Nikaomba ndimu, na nikaomba Shangazi Sifa aitwe.

"Papa Bahati," nilisema, "tuulize mukono yangu. Dada yako anipake pomade bila ndimu, huku kuume. Anipake ndimu, huku kushoto. Na wewe, na vidole yako, unipake ndimu hapa chini ya yake. Kama iko mukono yake njo inaunguza, tutaona."

Alifikiri sana. Kukataa kungeonekana ni kuogopa, na kukubali kulikuwa kutia mkono wake mwenyewe kwenye jaribio. Akakubali. Shangazi Sifa alinipaka bila kunitazama, kwa ncha za vidole viwili tu. Papa Bahati alinipaka kwa nguvu, kama mtu anayetia muhuri. Tukakaa uani mimi na mikono yangu, juani, hadi chai ikaisha mara kadhaa. Niliomba jambo moja tu, kwamba furushi lile lisitoke kwenye ua kabla sijarudi. Ninyi vijana msiige. Nilikuwa na ngozi ya mzee na sikuona njia nyingine, na Claudine alinigombeza njia nzima hadi Mushaki.

Nilirudi baada ya Jumapili, familia ikiwa imekusanyika. Nikakunja mikono ya shati. Mkono wa kuume ulikuwa mzima, unang'aa kidogo, kama tangazo. Mkono wa kushoto ulikuwa na alama nyeusi za vidole viwili vyembamba, na chini yake vidole vitatu vinene, vyeusi zaidi, vyenye malengelenge.

Papa Bahati aliinama akatazama kwa muda mrefu. Akaweka vidole vyake karibu bila kunigusa, akalinganisha, aone kama ndiyo yake.

"Ile ya chini njo yangu?"

"Njo yako, Papa."

Akaangalia mkono wake, kiganjani, kisha upande wa nyuma. Hakusema dada yake hana kosa, wala hakuomba msamaha. Wanaume wa kizazi chetu tuna ugumu huo. Akageukia watoto akawaambia wamletee Shangazi yao kiti, cha mgongo, si kigoda. Kiti kikaletwa, kikawekwa kando ya chake. Nikaona wanawake wa nyumba ile wanashusha pumzi.

Lakini Neema alikuwa bado amesimama mlangoni, na kwa Shangazi Sifa hicho ndicho kilichobaki. Kaka anaweza kukupa kiti. Mtoto aliyeogopa sahani yako hawezi kurudishwa kwa kiti. Aliketi pale akijishika mikono yake mapajani, kama anaizuia isimguse mtu.

Tulimpa Neema pomade tupu, ya nta na alizeti, tukamwambia akae kivulini, na bakuchioli isubiri hadi ngozi ipone kabisa. Aliniuliza kama alama zitatoka kabla ya ndoa. Nilimwambia ukweli kwamba hazitatoka; zitachukua miezi, na hakuna mmea wala krimu ya kuziharakisha. Alilia kidogo, kwa adabu. Alikuwa amengoja siku ile na uso safi, na sikuwa na cha kumpa isipokuwa nta. Iliniuma, na bado inaniuma.

Jioni ya kuamkia ndoa nilipita kwao kupeleka kopo jipya. Mashangazi walikuwa wamekusanyika tena kwenye chungu. Safari hii walikuwa wamekubaliana, kwa ushauri wa Claudine, kwamba matone yatiwe kwenye mafuta ya miguu, siagi na asali na kila walichotaka, na miguu ile ingepelekwa kanisani ikinukia hadi sakristia. Kopo la uso lilikuwa kando, halijaguswa. Kila mmoja alitia lake miguuni, wakacheka. Zamu ya Shangazi Sifa ilipofika alitikisa kichwa. Alisema yeye hana tone tena, waendelee.

Papa Bahati alijifanya anatafuta kitu mfukoni. Neema, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka, alichukua lile kopo la uso, akalifungua, akajisogeza hadi akafika magotini mwa shangazi yake.

"Unipake," alisema.

Yule mama akaficha mikono ndani ya kitenge. Alisema kwa sauti ambayo tuliisikia kwa shida kwamba apakwe na mwingine, wako wengi.

"Hapana, Mama. Mukono yako njo tone."

Sikuwahi kumsikia akimwita Mama. Nadhani Shangazi Sifa naye hakuwahi. Kisha akatoa mkono ndani ya kitenge, akachota kiasi cha punje ya haragwe kama tulivyomfundisha, akauleta usoni kwa Neema. Mimi nililia mbele ya watu na sikutafuta kisingizio cha moshi. Vidole vilianzia chini ya jicho, vikashuka polepole juu ya ile mistari myeusi, na kila kidole kikalala mahali pake.